Hujambo, U Mzima? Tafakari kwa Vijana Kuhusu Wanamichezo Wenye Ulemavu wa Akili



Kijana mwenzangu, Kiswahili kina neno dogo ambalo likitafakariwa vizuri linatosha kwa mafungo ya siku nzima. Ukikutana na rafiki asubuhi unamuuliza, "U mzima?" Unataka kujua kama haumwi. Ukienda sokoni kununua sahani unaigeuza geuza uone kama ni nzima, yaani haina ufa. Njaa ikikubana kweli kweli unamaliza mkate mzima. Neno ni lile lile. Asiyeumwa ni mzima, na kisichopungua ni kizima. Wazee waliotuachia lugha hii waliona mbali. Mtu anaweza kuwa na misuli kama ya bondia na bado asiwe mzima, kwa sababu moyoni amevunjika, au hana hata rafiki mmoja, au hana mahali pa kukutana na Mungu wake.

Sasa lichukue neno hilo ulipeleke kwenye Luka 2:52. Injili hiyo tunaisikia Sikukuu ya Familia Takatifu, mwaka C, baada ya habari ya Yesu kupotea siku tatu na kukutwa hekaluni akiwa na miaka 12. Luka anamalizia kwa kusema kwamba Yesu aliendelea kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Hesabu mwenyewe: hekima, kimo, Mungu, watu. Mambo manne. Mwana wa Mungu alikubali kukua, na hakukua upande mmoja tu.

Leo naomba tuutumie mstari huo kutazama kundi moja ambalo mara nyingi tunalipigia makofi na kulisahau: vijana wenzetu wenye ulemavu wa akili wanaoshiriki michezo. Mimi si daktari wala padre. Jumamosi asubuhi huwa nasaidia mazoezi yao kwenye uwanja wa jirani na parokia yetu. Napanga koni, najaza maji kwenye madumu, nashika saa. Ninayoandika hapa nimejifunza huko, kwa makocha, kwa wazazi, na kwa wanamichezo wenyewe.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini

Ulemavu wa akili si kichaa. Si laana ya ukoo, si pepo, wala si adhabu ya dhambi ya mama. Yesu alishalimaliza suala hilo kwenye Yohane 9, wanafunzi walipomuuliza ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambapo mtu hujifunza taratibu kuliko wenzake, na huhitaji msaada zaidi katika mambo ya kila siku kama kuhesabu pesa, kujieleza au kupanda daladala peke yake. Wengine wamezaliwa na hali iitwayo Down. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wengine waliugua sana utotoni, kwa mfano homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wapo ambao chanzo hakijulikani kabisa.

Kujifunza taratibu hakumaanishi kutosikia maumivu. Hakumaanishi kutojua unapodharauliwa. Na hakumaanishi kutompenda Mungu. Hayo matatu yashike, maana ndiyo tutakayotembea nayo hadi mwisho.

Harakati iliyoanzia nyuma ya nyumba

Huenda umewahi kusikia Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Ipo Tanzania, ipo Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi. Aliyeianzisha ni mama Mkatoliki wa Marekani, Eunice Kennedy Shriver, mdogo wake Rais John Kennedy. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku.

Eunice alikuwa na dada yake mkubwa, Rosemary, ambaye alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1941 Rosemary alifanyiwa upasuaji wa ubongo ambao familia iliambiwa ungemtuliza. Ulimharibu zaidi. Akapoteza uwezo mkubwa wa kutembea na kuzungumza, na kwa miaka mingi akaishi mbali na nyumbani, watu wa nje wasijue yuko wapi. Fikiria, jamani: familia tajiri, yenye elimu na jina kubwa, na bado mtoto wao akafichwa. Kwa hiyo tusiseme kuficha watoto ni tabia ya kijijini au ya maskini. Aibu haichagui nyumba.

Mwaka 1962 Eunice alifungua uwanja wa nyumbani kwake, jimbo la Maryland, akawaita watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kukimbia na kucheza mpira. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini watoto hao hawawezi. Wakaweza. Tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishiriki michezo ya kwanza. Kiapo chao kinaomba ushindi, na ushindi ukikosekana, basi ujasiri wa kujaribu.

Lakini kuna sura ya pili ya historia hiyo ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo sababu ya tafakari hii. Miaka ikaenda, viongozi wakagundua kwamba wanamichezo wao wanavaa medali huku wanaumwa. Meno yameoza. Macho hayaoni vizuri na hakuna aliyewahi kuwapima. Masikio yameziba nta. Madaktari wa meno na wa macho walianza kuwapima bure viwanjani, na mwaka 1997 kazi hiyo ikafanywa programu rasmi ya afya ya Special Olympics. Tangu hapo wamefanya vipimo zaidi ya milioni 2 katika nchi nyingi duniani: meno, macho, masikio, miguu, viungo na misuli, lishe, na hata namna ya kutuliza moyo unapochafuka.

Unaona walichogundua? Medali haitibu jino. Makofi hayampi mtu miwani. Uwanja ulikuwa umekuza kimo, na hata hicho kimo chenyewe kilikuwa kinakuzwa nusu.

Kimo: mwili ni hekalu, lisafishwe na lipimwe

Kuna kijana mmoja wa kundi letu anayekimbia mita 100. Anapenda mbio kuliko chakula. Ghafla, wiki tatu mfululizo, akawa anakaa chini katikati ya uwanja na hainuki. Mtu mmoja aliyekuwa anatazama akasema kwa sauti, "Mwacheni, ndivyo walivyo hawa." Dada mmoja muuguzi, ambaye huja kujitolea akitoka zamu ya usiku, hakuridhika. Akachuchumaa, akamvua raba taratibu. Kumbe raba zilikuwa ndogo kuliko mguu wake kwa namba mbili. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeingia kwenye nyama, kidole kimevimba na kimetunga usaha. Yule kijana alikuwa anakimbia na kidonda, na maneno ya kukieleza hakuwa nayo. Kukaa chini ndiyo lugha aliyokuwa nayo.

"Ndivyo walivyo." Ndugu yangu, maneno hayo mawili yameumiza watu wengi. Mtoto akijipiga kichwani, ndivyo walivyo. Kumbe sikio linauma. Akikataa kula, ndivyo walivyo, kumbe jino. Akianguka anguka, ndivyo walivyo. Kumbe haoni vizuri. Madaktari wenyewe wanalifahamu kosa hili: kila dalili inatupiwa ulemavu, na ugonjwa halisi unaachwa uendelee.

Hebu sasa fungua Marko 7:31-37. Wanamletea Yesu mtu kiziwi, mwenye kusema kwa shida. Yesu anafanya nini kwanza? Anamtoa pembeni ya umati. Angeweza kumponya pale pale watu wakashangilia, lakini hakumgeuza maonyesho. Kisha anatia vidole masikioni mwake, anagusa ulimi wake, anatazama juu mbinguni. Kwa nini vidole? Kwa sababu yule mtu hasikii! Ukimwambia kwa maneno "nitakuponya masikio," hatajua. Yesu anatumia lugha ambayo mtu huyu anaielewa: mguso na ishara. Anagusa palepale panapouma.

Yule dada muuguzi aliyechuchumaa uwanjani alikuwa anaihubiri Injili hiyo bila kufungua Biblia.

Basi, kama jumuiya yako au kundi lako la vijana lina mazoezi kama haya, au mnataka kuanzisha, haya ni ya lazima:

Kila mwanamichezo apimwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi. Kwa wenye hali ya Down hili ni zito, kwa sababu karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo. Pia baadhi yao wana viungo vilivyolegea kwenye mifupa ya juu ya shingo, kwa hiyo michezo ya kupindua shingo kama kupiga sarakasi, kupiga mbizi kwa kichwa au kupiga mpira kwa kichwa inahitaji ruhusa ya daktari. Ukiona mmoja wao ameanza kulalamika shingo, au kutembea tofauti na zamani, au mikono imekosa nguvu, au mkojo unamponyoka ghafla, simamisha mazoezi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kila anayesaidia ajue huduma ya kwanza ya kifafa, maana kifafa ni cha kawaida zaidi kwa wenye ulemavu wa akili. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, na mgeuze alale ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Ikizidi dakika 5, au ikiisha na kurudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Na tafadhali, msikimbie. Kugusa mate ya mwenye kifafa hakuambukizi kifafa.

Angalieni miguu, meno na chakula. Raba za mtumba si vibaya, ila zimwenee. Baada ya mazoezi tumezoea kuwapa soda na biskuti kama zawadi. Wapeni maji, ndizi, machungwa, karanga, viazi vya kuchemsha. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza uzito, na wenye hali ya Down hunenepa kwa urahisi. Kumpa soda mbili kila Jumamosi kwa sababu "anatia huruma" ni kumwonea.

Mt. Paulo anatukumbusha kwenye 1 Wakorintho 6:19 kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hakuweka sharti la mtihani wa akili.

Hekima: akili na hisia navyo vifanye mazoezi

Watu wengine wanaposikia Yesu alikua katika hekima, wanafikiri ni sehemu ambayo wenzetu hawa wamenyimwa. Si kweli. Hekima ya Biblia ni kujua namna ya kuishi, na hiyo kila mtu anaweza kukua ndani yake, kila mmoja kwa mwendo wake.

Tunawasaidiaje? Sema kwa sentensi fupi. Toa agizo moja kwa wakati mmoja. Onyesha kwa vitendo halafu subiri. Subiri kweli, usihesabu sekunde mbili ukamjibia. Tumia picha. Sisi tumechora kwenye kadi nyuso tano, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na kabla ya mazoezi kila mmoja anaonyesha uso wake wa leo. Siku ya kwanza nilidhani ni mchezo wa chekechea. Kumbe ndiyo njia ya binti mmoja kutuambia kwamba bibi aliyemlea amefariki, siku ambayo sisi tulimwona yuko kawaida tu.

Wenzetu hawa wanapata huzuni, wanapata hofu, wanafiwa, wanapenda na kukataliwa. Wengi wamezomewa barabarani tangu utoto. Kwa hiyo mazoezi yao yawe na dakika za kupumua taratibu, kupumzika, na kuzungumza na mtu wanayemwamini. Na ushindani uwe wa haki. Special Olympics huwapanga wanamichezo kulingana na umri, jinsia na uwezo, ili mwepesi akimbie na wepesi, na wa taratibu na wa taratibu. Hapo kushinda kunakuwa ni kushinda kweli na kushindwa ni kushindwa kweli. Usimzuie mwenzako asishindwe. Mtu anayeachiwa ashinde kila mara anajua anadanganywa. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwache naye ajifunze kwamba leo nimekuwa wa nne, na Jumamosi ijayo nitakuja tena.

Kumpendeza watu: rafiki, si mfadhili

Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini, kijana mwenzangu, kwa sababu hapa ndipo tunapoteleza wengi.

Kila mwaka kuna siku. Siku ya walemavu, siku ya matendo ya huruma, siku ya bonanza. Tunavaa fulana za rangi moja, tunakwenda na mchele na sabuni, tunapiga picha tumewakumbatia, tunaweka kwenye simu zetu. Jumatatu hatujui hata majina yao. Yesu hakukataza kutoa mchele. Lakini kwenye Luka 14:12-14 alizungumzia karamu: waalike wasioweza kukulipa. Kualika ni kukaa naye meza moja. Mchele unaweza kuutuma hata na bodaboda. Kukaa meza moja lazima uende mwenyewe.

Ipo namna ya mchezo ambapo wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanacheza timu moja, jezi moja, mazoezi ya pamoja. Katika timu kama hiyo huendi kusaidia, unakwenda kucheza. Unapokea pasi na kutoa pasi. Unakosea na unazomewa na mwenzako mwenye hali ya Down kwamba umekosa bao la wazi! Hiyo ndiyo afya ambayo hospitali haina. Upweke ni ugonjwa mkubwa kwa wenzetu hawa, hasa wakishamaliza shule. Ndugu zake wanaoa, wanakwenda mjini kutafuta maisha, yeye anabaki amekaa kwenye mkeka uani. Papa Fransisko, katika waraka wa Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alisikitika kwamba watu wenye ulemavu wanaweza kuwa wageni wasioonekana katikati ya jamii yao wenyewe. Wengi wamo ndani ya jumuiya zetu ndogondogo, nyumba ya tatu kutoka kwako.

Na upendo huu uwe na akili. Watu wenye ulemavu wa akili wanadhulumiwa kingono kwa urahisi, na mara nyingi anayewadhulumu ni mtu wanayemjua. Kwa hiyo hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mwanamichezo chooni, chumba cha kubadilishia nguo au garini. Wawe wawili daima. Hakuna picha bila ridhaa yake na ya familia yake. Na yeye mwenyewe afundishwe, kwa picha na kwa maneno rahisi, kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaweza kusema "Sitaki," na kwamba akisema ataaminiwa. Kundi lisilo na taratibu hizi lisianze bado. Likae chini kwanza lizipange.

Usimsahau na mama. Mara nyingi ni mama au bibi aliyembeba mgongoni hadi amekuwa mkubwa kuliko yeye. Mazoezi yakiwa ya saa mbili, hizo ni saa mbili ambazo mama anaweza kukaa kivulini na mama wenzake, wakacheka, wakapeana namba za simu na kuambiana daktari yupi anasikiliza. Mweke kiti. Mpe chai. Naye anahitaji kuwa mzima.

Kumpendeza Mungu: asizuiwe kwenye meza

Mama mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba mwanawe ana miaka 19 na hajawahi kupokea Komunyo. Mahali alipompeleka zamani aliambiwa, "Huyu haelewi, na hana dhambi, hahitaji." Akarudi nyumbani. Hakuuliza tena. Lakini yule kijana kila Jumapili huinuka pamoja na mama yake, hufika mbele, hukunja mikono, hurudi. Mama anasema wakirudi kwenye benchi kijana hukaa kimya, amemkazia macho padre hadi anapofunga tabernakulo.

Haelewi? Mimi nawauliza ninyi mnaosoma hapa: ni nani kati yetu anayeielewa Ekaristi? Kanisa linafundisha wazi, katika Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020, kwamba watu wenye ulemavu wasinyimwe sakramenti, na kwamba ni juu yetu kutafuta njia ya kuwafundisha inayowafaa. Kama anaweza kutofautisha, hata kwa ishara, Mkate huu na mkate wa nyumbani, hapo tayari kuna mlango wa kuanzia. Paroko na katekista wanajua namna ya kuendelea. Kazi yako wewe kijana inaweza kuwa kumpeleka kwao, kukaa naye darasani, kurudia naye ishara ya msalaba mara 40 hadi mkono wake uizoee.

Yule mama tulimsindikiza kwa paroko wetu. Kijana sasa yuko kwenye mafundisho, anafundishwa na katekista mmoja mzee mwenye uvumilivu wa ajabu. Anatumia picha, nyimbo na mkate halisi mezani. Bado hajamaliza. Tuombeeni.

Ninachotaka kusema ni hiki: programu ya michezo inayomtunza mtu mzima haimwachi Mungu nje ya uwanja. Anzeni kwa sala fupi, ile ile kila wiki, ili waikariri. Mmoja wao aongoze. Siku ya Misa ya vijana wapeni kazi: kubeba matoleo, kupiga kayamba, kukaribisha watu mlangoni. Mt. Paulo, kwenye 1 Wakorintho 12, anasema viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Hakusema vinavumilika. Alisema vya lazima. Maana yake parokia isiyo na watu hawa mbele ya altare haiko nzima. Ina ufa, kama ile sahani ya sokoni. Tulidhani tunakwenda kuwakamilisha wao, na huku ni sisi tuliopungua.

Tufanye nini wiki hii?

Sitaki tuishie kwenye kusema amina. Chagua moja tu kati ya haya, ulifanye kabla ya Jumapili.

Kwanza, tafuta katika jumuiya yako ndogondogo ni nyumba ipi ina kijana mwenye ulemavu wa akili. Nenda kamsalimie yeye kwa jina lake, siyo kumsalimia mama yake tu.

Pili, kama ni muuguzi, mwanafunzi wa udaktari, fundi miwani au mwalimu wa michezo, toa Jumamosi moja kwa mwezi. Kama huna taaluma, kushika saa na kujaza maji kunatosha.

Tatu, kama mna uwanja wa parokia na timu ya mpira, alikeni wanamichezo kutoka shule ya jirani yenye kitengo maalumu, mcheze timu zilizochanganyika. Ongeeni kwanza na mwalimu wao na wazazi.

Nne, kama ni kiongozi wa vijana, mwombe paroko mkae na wauguzi wa zahanati ya karibu mpange siku ya kupima macho, meno, masikio na miguu. Na mkishapima, mfuatilie. Kumwambia mtu jino lako limeoza halafu ukaondoka ni kumwongezea maumivu.

Na kila utakapomkuta mmoja wao, muulize ile salamu yetu ya zamani, kisha ungoje jibu hata likichelewa: U mzima?

Tusali

Bwana Yesu, ulikua Nazareti katika hekima na kimo, ukimpendeza Mungu na watu. Uliwatoa wagonjwa pembeni ya umati ukawagusa palipouma. Tunakuletea ndugu zetu wenye ulemavu wa akili wanaokimbia, wanaoruka, wanaotupa tufe na kucheza mpira. Ponya meno yao, miguu yao, mioyo yao. Wape marafiki wa Jumatatu, siyo wa siku ya picha tu. Watie nguvu mama zao na bibi zao. Tufundishe sisi vijana kusubiri, kusikiliza lugha isiyo na maneno, na kukaa nao meza moja, hadi siku ile utakapotukalisha wote mezani pako, wazima, bila ufa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Bikira Maria, Mama wa Familia Takatifu, utuombee.